Magauni Tuliyoyakausha Miilini

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kanisani, maana sikujua fundi wa mavazi ya jukwaani huvaa nini. Ilikuwa mwaka 2008. Nilipanda ngazi za jengo moja la Greyville, mjini Durban, upande unaotazama uwanja wa mbio za farasi, nikakuta mlango uko wazi na ndani magauni zaidi ya arobaini yananing'inia kwenye vyuma. Mahameli ya rangi ya divai, hariri ya kijani, mikono ya nguo iliyochanwachanwa makusudi ili kitani cheupe kichomoze kwenye nyufa. Nilikuwa nimeshona tangu ubinti wangu kule Uvira, nikifundishwa na masista: sare za shule, vitenge vya harusi, suti za makatekista. Nilidhani nimeshaona nguo. Nilisimama pale mlangoni nikajikuta nacheka peke yangu.

Mafundi vijana wa kanisa letu wameniomba niandike kazi ile ilivyokuwa. Nyinyi mnajifunza kwa kutazama video za simu, na sisemi ni vibaya. Lakini kuna mambo ambayo video haiwezi kuwakosoa, na mimi nilikosolewa siku hiyohiyo ya kwanza.

Mkuu wa Mavazi alikuwa mama mrefu, mwenyeji wa Durban, mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani. Nilimwita Madamu kwa mazoea ya Kongo, naye akalipokea jina. Karakana yake ilishona mavazi ya Ulaya ya miaka mia tano iliyopita, zama ambazo Wafaransa huziita Renesansi, na kuyakodisha kwa makundi ya maigizo. Hakuniuliza habari za vyeti.

"Unajua kutoboa tundu la kamba kwa mkono?"

"Najua, Madamu."

"Basi nitobolee arobaini."

Gauni la zama zile halina zipu. Mgongoni hufungwa kwa kamba ndefu inayopita kwenye matundu, kama kiatu. Nilichukua mkasi wenye ncha nyembamba, nikatoboa, nikazungushia uzi kila tundu, na kabla ya saa ya chakula nilikuwa nimemaliza yote arobaini. Nilijivuna. Madamu akapitisha kamba kwenye matundu, akaivuta kwa nguvu zote, na kitambaa kikachanika mbele ya macho yangu.

"Umekata," alisema. "Uzi wa kitambaa ukikatwa umekufa. Ukisukumwa kando bado unafanya kazi. Anza upya."

Niliinamisha kichwa machozi yasionekane. Ndipo nikasikia sauti ya mwanamume kutoka meza ya nyuma, kwa Kiswahili. "Usilie, mwanangu. Njoo hapa."

Alikuwa Mkataji Mkuu, mzee wa mtaa wa Chatsworth mwenye kofia ya vito, ile inayodariziwa kwa mkono. Watu wa jamii yake huitwa Wazanzibari hadi leo, ingawa mababu zao waliletwa huku Natal zamani sana na yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga Zanzibar. Kiswahili chake kilikuwa maneno machache aliyoachiwa na bibi yake, lakini yalikuwa yaleyale niliyoyahitaji. Akaniwekea mkononi msumari mnene usio na makali. Akanionyesha jinsi ya kuusukuma taratibu ili nyuzi zijitenge bila kukatika, kisha kuzifunga kwa mshono wa kuzunguka. Nilitoboa arobaini mengine kwa siku mbili. Madamu alivuta kamba, kitambaa kikatulia. Aliniletea kiti chenye mto.

Mwaka 2008 ulikuwa mgumu kwetu wageni, tulikuwa tukishambuliwa mitaani, na nilipokuwa barabarani nilikuwa natazama nyuma mara kwa mara. Lakini nikishapanda zile ngazi nilisahau. Kila wiki nilijifunza jambo. Mzee alinifundisha kwamba hakuna gauni linalokatwa moja kwa moja kwenye mahameli: kwanza unakata la majaribio kwa amerikani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa, unalivalisha, unalichora, unalifumua. "Makosa yote yaishe kwenye amerikani," alikuwa akisema. Nilijifunza kuweka mbavu, yaani vipande vyembamba vya chuma vinavyoingizwa kati ya kitambaa na bitana ili kifua kisimame wima. Nilijifunza marinda ya kukusanya: unapitisha nyuzi mbili sambamba kwenye mita nne za kitambaa, unavuta, na zile mita nne zinajikunja hadi kuenea kiunoni mwa mtu mmoja. Mara ya kwanza yaliponyooka vizuri nilimwita kila aliyekuwa karakanani aje kutazama. Nilikuwa na miaka hamsini na moja, nikirukaruka kama mtoto wa komunyo ya kwanza.

Baada ya miaka miwili nilipelekwa kwenye jumba la maigizo kuwa mvishaji. Mkubwa wangu huko alikuwa Msimamizi wa Jukwaa, kijana Mzulu aliyezungumza kwa kunong'ona kutwa nzima. "Mama, una dakika mbili," alikuwa akiniambia, na katika dakika hizo mwigizaji aliingia akiwa mjakazi akatoka akiwa malkia. Mikono ya gauni la zama zile haishonwi begani, hufungwa kwa kamba, kwa hiyo unaweza kubadilisha mikono peke yake na watu wakaona vazi jipya. Nikimaliza kabla ya dakika mbili kijana ananiinulia kidole gumba, "Sharp, Mama." Moyo wangu ulikuwa ukidunda kuliko wa waigizaji.

Mwaka 2012 nikarudishwa Greyville, na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo watu bado huniuliza.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Tulifungua mlango tukakanyaga maji. Bomba la ghorofa ya juu lilikuwa limepasuka, dari limeanguka, na magauni ishirini na mawili yaliyokuwa tayari kwa onyesho la Jumamosi yamelowa chapachapa. Madamu aligusa moja, akakaa chini sakafuni penye maji na sketi yake safi. Kundi lililoyakodi ndilo lililotupa kazi nyingi ya mwaka ule, na tulijua kwamba tukilikosa karakana haitafika Krismasi.

Nieleze tatizo. Mahameli ikilowa huwa nzito mno. Ukilitundika gauni, uzito wake hushusha mabega na kuchana mishono. Ukililaza, marinda hulala na hayaamki tena. Ukichelewa, mbavu za chuma zinapata kutu na kutu inatokeza nje. Gauni lililolowa hivyo linataka kukauka likiwa limesimama, lenye kiuno ndani yake, na upepo ukilizunguka. Sanamu za kushonea tulikuwa nazo nne tu.

"Tunahitaji watu," nilisema. "Watu wa kuyavaa."

Madamu alinitazama kama nimetukana. Sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba hakuna avaaye gauni lake ila mwigizaji, tena jukwaani. "Magauni haya si ya mchezo," akasema.

Mzee akajibu kwa upole, "Bila mwili ndani, kesho utakuwa na magunia."

Madamu akauliza, "Watu gani?"

Nilimpigia simu Mama Esperanse, Mrundi, kiongozi wa kina mama wa kanisa letu, aliyekuwa msusi kwenye saluni ya mjini. Kanisa lilikuwa na ukumbi huko Cato Manor, juu kilimani, wenye uwanja na upepo mzuri. Nilimweleza. Akaniuliza jambo moja tu: "Unataka wanene ao wembamba?"

"Wote."

Tulipofika na gari la mizigo, kina mama ishirini na wawili walikuwa wanangoja, wengine wametoka sokoni, wengine na watoto mgongoni. Tuliwavalisha nguo kavu za ndani, kisha magauni, nikapita nikifunga kamba migongoni hadi vidole vikachubuka. "Mama, hii robe iko muzito kama mufuko wa simenti," alilalamika mmoja. Lakini alipotoka nje na jua likapiga mahameli ile, alinyoosha shingo.

Niliwaagiza watembee polepole, wageuke, wasiketi. Wakaanza kuzunguka uwanja, na baada ya muda mmoja akaanzisha wimbo wa kanisani, wengine wakaitikia, mapindo mapana yakipepea yote kwa pamoja. Wakongo na Warundi ambao jana yake walikuwa wanauza nyanya na kusuka nywele, leo wanapita mbele yangu kama baraza la wafalme. Majirani Wazulu walijaa kwenye uzio. Bibi mmoja akauliza, "Eish, hapa ni harusi ya watu wangapi?" Akaambiwa tunakausha nguo. Alicheka mpaka akajishika ubavu, kisha akaleta viti na juisi kwa ajili ya waliochoka, na akakumbushwa kwamba hawaruhusiwi kukaa. Akawashikia vikombe wakanywa wamesimama.

Mzee na mimi tulipita na brashi tukisimamisha manyoya ya mahameli kabla hayajakauka vibaya. Saa tisa alasiri mabega yalikuwa yamekauka. Ijumaa tukarudia kwa mapindo. Hatukuokoa yote, hariri ya kijani ilibaki na alama za maji ambazo hazikutoka, na Madamu aliikunja mwenyewe bila kumruhusu mtu amsaidie. Lakini ishirini na moja yalisimama. Jumamosi pazia lilifunguliwa kwa wakati.

Jumatatu Madamu aliniita. Nilidhani ananipa habari za hariri.

"Yule mwanamke wa gauni la rangi ya divai ni nani?"

"Mama Esperanse."

"Waigizaji wangu hawatembei vile," alisema. Akazungusha miwani mkononi. "Mwambie akitaka kulivaa tena, aje."

Mama Esperanse alilitaka. Alikuwa ameolewa katika kambi ya wakimbizi kwa kitenge cha kuazima, akamrudishia mwenyewe jioni hiyohiyo. Mume wake alikuwa kinyozi mwenye maneno mengi. Walipobariki upya ndoa yao na mkewe akaingia kanisani na pindo la mahameli likifagia sakafu, mume alisahau jibu alilofundishwa na mchungaji. Akasema tu, "Mimi niko hapa," na mchungaji akaona inatosha.

Toka hapo milango ikafunguka. Magauni yasiyokuwa kazini yalikwenda kwa maharusi wasio na vazi, kwa maigizo ya shule za Chatsworth, kwa vikundi vya kanisa. Jumamosi Madamu aliniruhusu kufundisha kina mama karakanani, na mwaka uliofuata tulishona gauni letu wenyewe, la kina mama wote, kila mmoja na rinda lake. Tulibishana kuhusu rangi kwa wiki tatu. Mzee alipostaafu na kurudi nyumbani kwake kupumzika, mkasi mkubwa ulibaki kwangu, nikawa Mkataji Mkuu kwa miaka miwili.

Mwaka 2015 macho yalianza kunikatalia. Nilikata kifua cha mahameli nje ya mstari, upana wa kidole, na nilipovaa miwani ya pili bado niliuona mstari mahali ambapo haupo. Sikungoja kuambiwa. Nilikwenda kwa Madamu, nikaweka mkasi mezani, nikasema imetosha. Alishika mikono yangu kwa muda, akageuza viganja, akatazama alama za sindano.

Wengi huniuliza kama niliumia kuacha. Ndiyo, kwa mwezi mmoja hivi. Kisha likaja jambo ambalo sikulitegemea. Madamu alinitumia tiketi ya onyesho. Katika miaka yote ile nilikuwa nimeyaona maigizo kwa upande tu, kupitia ufa wa pazia, nikiwa na pini mdomoni. Siku hiyo nilikaa katikati ya watazamaji, mikono mitupu mapajani. Malkia alipoingia, jicho langu lilikwenda moja kwa moja mgongoni kuhesabu matundu, kisha kwenye marinda, kisha kwenye bega la kushoto ambalo tangu zamani lilikuwa linanisumbua. Nilikuwa nalishona upya akilini. Kisha malkia akapokea habari za kifo cha mwanawe, akapiga magoti, mahameli yote ikamwagika kumzunguka, na jirani yangu akaanza kulia. Nilitafuta leso nimpe, nikagundua kwamba uso wangu nao umelowa, na kwamba kwa muda mrefu sikuwa nimeona mshono hata mmoja.