Daftari la Maneno ya Mtaani

Maalim Marhoon alisomesha Kiingereza Unguja miaka kumi na tisa. Alipohamia Maskati na mkewe Shaikha, mwaka 1964, alishuka na sanduku moja la nguo na daftari lake kwapani.

Humo alikuwa akiandika maneno ya mtaani ya Waingereza, kila neno na zama zake. Miaka mia tatu nyuma wahuni wa London waliita pesa kifaru. Baadaye watu wakaja kuziita unga. Na vijana wa siku hizi wanaziita mkate. Alikuwa akiyaokota kwenye magazeti makuukuu na midomoni mwa mabaharia.

Alipata ukarani katika kampuni moja ya kigeni mjini Matrah, jirani na Maskati. Mwaka wa pili akamwombea kazi hapo Thani, aliyekuwa mwanafunzi wake.

Mwaka 1968 Thani aliliazima daftari. "Wiki moja tu, Maalim. Nnataka kujinoa."

Wiki ikawa miezi miwili.

Asubuhi moja meneja, Mwingereza, alimwita Marhoon amfasirie barua. Mezani palikuwa na kurasa zilizopigwa taipu.

"Umeiona kazi ya Thani?" meneja akamwuliza. "Hata mimi hilo la kifaru sikulijua. Tunampeleka London akasome."

Marhoon alisoma ukurasa wa kwanza. Mpaka mifano ilikuwa yake yeye, mmoja kaupata kwa baharia mgonjwa aliyekuwa akimpelekea uji, Malindi ya Unguja. Jina la Marhoon halikuwamo. Aliifasiri barua, akatoka. Alitaka Thani aseme mwenyewe.

Alimkuta uani anakunywa kahawa.

"Thani, hukuona hata pembe ya kulitia jina langu?"

Thani hakuinua macho. "Ulinifunza mwenyewe, Maalim, kwamba maneno ya mtaani hayana mwenyewe."

"Maneno hayana. Daftari linaye."

"Wewe ushakuwa mtu mzima. London ungekwenda kufanya nini?"

Marhoon alingoja siku nane Thani aende kwa meneja. Hakwenda. Shaikha alimshikilia mumewe akaseme yeye.

"Nikaseme nini?" alimjibu. "Kwamba mtoto niliyekula naye sahani moja ni mwizi?"

Thani akasafiri. Daftari lililetwa na tarishi, limefungwa kwa gazeti, bila hata salamu.

Marhoon alibaki na ukarani wake. Siku moja, mwaka 1970, meneja alimjia na neno la kizamani lililomshinda. Maalim alilijua tangu ujana wake.

"Sijui, bwana," alisema. "Muulize Thani."