Siku ya Mama Kula

Kwetu Naviundu, mtaa wa Lubumbashi, mimi ndiye niliyekuwa na jina baya la kushuku. Muuza makaa akipima, nilitia mkono ndani ya kopo nione kama hakuficha karatasi chini. Mama alizoea kusema kwamba hata mvua ikinyesha nitauliza nani kaituma. Nilicheka nisibadilike, na mwaka ule viwanda vya kuyeyusha shaba vilipofungwa kimoja baada ya kingine, nilijiona nina haki kabisa ya kushuku.

Kaka yangu alipoteza kazi, akaenda kuchimba mawe Kolwezi, akatuachia mkewe na watoto wake wadogo. Unga ukapanda bei mpaka tukaanza delestaji. Kwa asiyejua: umeme wa Lubumbashi hukatwa kwa zamu, leo mtaa huu, kesho ule, na neno hilo la Kifaransa watu walilihamishia kwenye sufuria. Leo wanakula watoto, kesho wanakula watu wazima. Mimi, kwa kuwa nilikuwa namalizia sekondari, niliwekwa upande wa watoto, jambo lililoniudhi sana.

Mama alikuwa na virusi vya Ukimwi. Hakutuficha. Baba alikufa kwa ugonjwa huohuo bila kuutaja, na mama aliapa kwamba yeye hatauawa na aibu. Kila jioni, redio ya jirani ikianza taarifa ya habari, alimeza kinini chake, kidonge cha kuzuia virusi. Na dawa ilimtunza kweli: alinenepa, akarudi sokoni kuuza mboga za lengalenga, akarudi hata kugombana na wauzaji wenzake.

Mwaka ule wa njaa akaanza kukonda, ingawa jioni bado alifungua chupa yake. Vidonda vikamtoka mdomoni, kikohozi kikamshika. Nikitazama shingo yake niliona shingo ya baba. Niliogopa, na mimi nikiogopa hukasirika, natafuta mtu.

Kwanza niliishuku dawa yenyewe. Zamani vinini vilikuwa vya manjano. Chupa mpya ilikuja na vyeupe. Sokoni walisema dawa za kweli zimekwisha na wagonjwa wanapewa unga wa muhogo uliokandamizwa. Kisha nikamshuku muuguzi aliyezitoa, kwa kuwa alitabasamu mno. Mwisho nikamshuku wifi yangu, na hapo nikatulia kama mtu aliyefika nyumbani.

Wifi alikuwa mtu wa Sakania, mpakani na Zambia, mwepesi wa mguu na mzito wa maneno. Alikuwa akienda kwao na kurudi na dagaa wa kapenta na sabuni za Zambia. Mtu anayevuka na mizigo, nilijiambia, hashindwi kuvuka na vinini. Halafu kulikuwa na ile sahani. Siku za watu wazima, nikitoka shuleni, aliniletea sahani ya bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, imefunikwa.

“Kula, ni mabaki,” alisema, akageuka haraka.

Mabaki? Katika nyumba inayokula kwa zamu? Mara ya kwanza nilionja kwa ncha ya ulimi, nikangoja tumbo liniume. Halikuuma. Basi ni hongo, nikasema. Hakuna anayekulisha bure wakati wa njaa, anataka nifumbe macho. Nilikula, maana njaa haina kiburi, lakini kila tonge liliongeza shaka yangu.

Asubuhi moja alikuwa akifunga mizigo ya safari, akatoka kuaga jirani. Niliingia chumbani mwake. Chini ya vitenge kulikuwa na kopo la maziwa, na ndani ya kopo fundo la kitambaa. Nikalifungua. Vinini vya mama, vyeupe, vimejaa kiganja.

Nilitoka navyo uani nikipiga kelele. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua lengalenga, na wifi ndiyo kwanza anarudi.

“Mwizi! Uko nauzisha uzima ya mama yangu!”

Wifi hakukasirika. Alimgeukia mama tu. “Mama, useme weye. Miye nilichoka kuficha.”

Mama aliweka majani chini polepole. “Ni yangu. Nilimupatia afiche, sababu weye unatafuta-tafuta kila fasi.”

“Sasa juu ya nini haunywe?”

“Kwa muuguzi balinielezea: kula, kisha kunywa. Siku yenye siko nakula, siko nakunywa. Dawa nayo iko mu delestaji. Na ikiisha kule, tutakuwa na akiba.”

Alisema hivyo kwa sauti ileile aliyotufundishia kutunza unga. Akili iliyotuvusha njaa ndiyo ilikuwa ikimuua.

“Lakini siku ya bakubwa si unakula?”

Wifi ndiye aliyejibu. “Anakula wapi? Ile sahani nakuletea ndiyo yake. Tunagawa kidogo ya kwangu, siku ingine anakataa. Alisema uko na examen, kichwa ya njaa haishike kintu. Na kama ungejua, haungekula.”

Nilibaki nimesimama na fundo mkononi, na kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na mtu wa kumshuku. Nililia mbele ya wifi, na yeye akanipa ncha ya kitenge chake nijifute.

Safari ya Sakania iliahirishwa. Tulikwenda na mama kituo cha afya, sote watatu tukiongozana, mimi na fundo langu kama ushahidi wa kesi. Muuguzi hakutabasamu siku hiyo.

“Mama, hii dawa yako haingoje bukari,” alisema. “Chakula iko, chakula haiko, unakunywa kila siku, saa ileile. Ukiruka, virusi inazoea dawa. Kisha ata ukunywe muzuri, haitaisikia tena.”

Nilimuuliza kuhusu rangi. Alisema kiwanda ni kingine, dawa ni ileile. Nikamuuliza tena. Akajibu tena.

Mama alikuwa bado anatazama vile vinini. “Basi ningekunywa tu?”

“Ndiyo, mama. Ungekunywa tu.”

Hapo ndipo mama alipolia. Damu ilipopimwa, virusi vilikuwa vimeshazoea. Akabadilishiwa dawa, nyingine kali, iliyomtapisha majuma mengi huku wifi akimshika kichwa. Akarudiwa na nguvu, akanenepa tena.

Kaka alirudi, delestaji ya sufuria ikaisha. Ya umeme ingalipo. Jioni habari ikianza, mimi hukaa mbele ya mama.

“Nilisha kunywa,” anasema.

Simwamini. Namwambia afungue mdomo, naye anafungua huku akicheka. Chakula kikija, siigusi sahani yangu mpaka nimeitazama ya kwake.