Kofia ya Bwana Mifugo Iliyowekwa Rehani Lusu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa suruali nyeupe. Mama yangu, pale Isevya mjini Tabora, aliipiga pasi ya mkaa mara mbili, maana mwanawe alikuwa amepata kazi serikalini, na serikali kwa fikra zake haikuwa na matope. Ilipofika saa nne asubuhi nilikuwa nimeshika mkia wa fahali asiyetaka kuingia joshoni, na suruali ile haikupata tena kuwa nyeupe. Ndivyo nilivyoanza ubwana mifugo, vijana, na sijajuta.

Kituo changu kilikuwa Lusu, wilaya ya Nzega. Josho, kwa msiowahi kuliona, ni mtaro mrefu wa saruji uliojaa maji yenye dawa ya kuua kupe. Ng'ombe anaruka upande mmoja, anaogelea, anapanda upande wa pili na kusimama sakafuni achuruzike. Kupe ndio waletao ndigana kali, ugonjwa unaomvimbisha ndama tezi na kumuua huku mwenyewe anamtazama. Nilipofika, ndama wa Lusu walikuwa wanakufa, na josho lilikuwa hatua chache tu kutoka mazizini.

Tatizo lilikuwa hesabu. Kila ng'ombe hutoka na dawa kidogo mwilini, kwa hiyo lazima ujue wamepita wangapi ndipo ujue dawa ya kujazia. Ukikosea, dawa inakuwa hafifu na kupe wanaizoea. Basi nikasimama mlangoni nikinyoosha kidole na kuhesabu kwa sauti, kama tulivyofundishwa chuoni. Mnyamwezi mzima, niliyelelewa nikijua kwamba mifugo ya mtu haihesabiwi hadharani, isije ikapatwa na kijicho! Wiki iliyofuata walikuja mbuzi watatu na mbwa. Huku nyuma watu wakanong'ona kwamba serikali inahesabu ili itoze kodi, wengine wakasema inataka kuwapunguzia mifugo.

Mkubwa wangu, Bwana Mifugo wa Wilaya, alikuwa Msukuma mnene mwenye kofia ya kaki ambayo hakuivua hata wakati wa kula. Aliniita ofisini Nzega.

"Josho lisilo na ng'ombe ni bwawa la vyura," alisema. "Mvua zikianza na hali ni hii, nalifunga, na dawa inakwenda kijiji kingine."

Pembeni yake alikaa Mtaalamu, kijana mrefu kutoka Ulaya aliyeletwa na mradi wa mifugo. Alikuwa mpole na Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Alishangaa kwa moyo safi kabisa. Kwao, alisema, bwana mifugo wa serikali akipiga hodi, mkulima anamfungulia zizi na kumwandalia kahawa. Niliwaonea haya watu wangu, nikaona kweli sisi ni wa nyuma.

Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano, nao wakubwa wakaja. Bwana Mifugo wa Wilaya alieleza vizuri sana habari za kupe. Watu walikaa wakichora chini kwa vijiti. Hakuna aliyebisha, na mtu wa Lusu asipobisha ujue hajakubali.

Ndipo akasimama Bi Mwanahawa. Alikuwa Mzaramo, mjane wa fundi reli wa hapo hapo Lusu. Babu zetu, Wanyamwezi na Wasukuma, walipokuwa wakibeba mizigo kutoka Tabora hadi pwani, walipita Uzaramo, na huko ndiko tulikookota utani. Mtani wako anaweza kukutukana, kukunyang'anya kitu, hata kukuchekesha msibani, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Bi Mwanahawa alitembea hadi mbele, akamvua Bwana Mifugo wa Wilaya kofia yake, akaivaa yeye juu ya kanga.

"Nyie Wasukuma mnanuka maziwa," alisema, "lakini uongo wenu unanuka zaidi. Haya, mtani, sema. Unawahesabu ng'ombe wa watu ili iweje?"

Mtaalamu aliinuka kumtetea mkubwa. Nilimvuta shati akakaa.

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na waliokwisha kucheka pamoja hawaoni tena sababu ya kunong'ona. Yote yakamwagika, kodi, mifugo kupunguzwa, na mradi wa zamani wa kisima ulioacha shimo tupu. Mkubwa wangu, kipara chake kikimeremeta juani, alijibu moja baada ya jingine. Mzee mmoja akamuuliza kama anaweza kuapa kwamba hesabu haitafika kwa watu wa kodi.

"Wakubwa zangu siwezi kuwaapia," alisema. "Naweza kuiapia dawa tu."

Nilidhani ametuharibia. Kumbe jibu hilo ndilo lililotuokoa, maana mwongo angeapa vyote. Bi Mwanahawa alitangaza kwamba ng'ombe atawahesabu yeye, kwa kokoto, maana hesabu ya mtani haina kijicho, na dawa itachanganywa mbele ya kila mtu. Kofia inabaki kwake rehani. Ndama wakipona, itarudi. Akija mtu wa kodi na hesabu za joshoni, kuku watatagia humo.

Ng'ombe wakaja. Kila siku ya josho Bi Mwanahawa alikaa kwenye kigoda, kofia kichwani, akidondosha kokoto na kunitukana mimi na ukoo wangu. Mvua zilinyesha, zikaisha, na ndama wakawa wanakimbizana mazizini. Siku ya kurudisha kofia, mkubwa aliikuta na yai ndani. Bi Mwanahawa alisema hiyo ni riba. Nilifurahi siku ile kuliko hata siku ya harusi yangu, na mke wangu analijua hilo.

Baadaye nilihamishiwa Sikonge, kisha Urambo, kisha nikarudi Nzega kukalia kiti cha mkubwa wangu. Kila kituo nilitafuta kwanza mtani, josho baadaye. Sasa nimestaafu, nipo Isevya na kuku wangu.

Juzijuzi Mtaalamu alinitembelea, kichwa cheupe kama pamba, pamoja na mkewe Mmarekani, mama mpole mwenye kofia pana ya majani. Chai alituletea Zuhura, mjukuu wa Bi Mwanahawa, anayeuza vitenge mtaani kwangu. Mtaalamu akanipa habari za kwao. Kaka yake, aliyerithi shamba huko Ulaya, sasa anamfungia geti bwana mifugo. Anasema serikali inahesabu ng'ombe ili iwapunguze. Nilicheka mpaka miwani ikaanguka. Lusu imehamia Ulaya, nikamwambia.

Mkewe hakucheka. Yeye, mumewe akimtafsiria, alieleza kwamba anasimamia uchaguzi katika mji wao mdogo huko Marekani. Jirani aliyekuwa akimwazima ngazi sasa anamwita mwizi wa kura, dukani, mbele za watu. Amemwonyesha yeye na wenzake kila kitu, hawaamini. Alikuwa anafikiria kuacha kazi. Nikamsimulia habari ya kofia. Asidhani Lusu walituamini, nikasema. Walishika kitu chetu tu, wakatungojea.

"Lakini anayenitukana mimi hacheki," alisema. "Sisi hatuna watani."

Tusi lisilo na undugu ni tusi tu, na nilimwonea huruma kweli.

Zuhura aliweka birika chini, akamvua mgeni kofia, akaivaa.

"Shikamoo mama, lakini hii sikurudishii," alisema. "Mumeo amekula ugali wa Lusu, basi wewe ni mtani wangu. Nenda kamwite huyo jirani akae karibu yako, ahesabu kwa mkono wake. Akija, na wewe njoo uchukue kofia yako."

Mtaalamu alitafsiri. Mama yule alimtazama Zuhura, akacheka huku anafuta machozi, akaondoka kichwa wazi katika jua la Tabora.

Kofia inaning'inia dukani kwa Zuhura, na wateja wanauliza bei. Wiki iliyopita Mtaalamu alituma ujumbe kwenye simu. Mkewe hajaacha kazi. Jirani alikuja siku ya majaribio ya kuhesabu, akakaa amekunja mikono, na bado haamini, ila wakati wa kuondoka aliuliza siku ya kura zenyewe aje saa ngapi. Nilimsomea Zuhura. Akaishusha kofia, akaipangusa vumbi, akaitundika tena.

"Aje mwenyewe kuichukua," alisema.

Nami nimeanza kuwachunguza kuku wangu, maana kofia ya namna hiyo hairudishwi tupu.