Makoti ya Waheshimiwa

Bunge la Jimbo lilikuwa na wabunge sitini, viti sitini na Mzee wa Kengele mmoja. Wabunge walibadilika kila baada ya miaka mitano. Mzee wa Kengele hakubadilika, aliongeza mvi tu. Kazi yake ilikuwa kupiga kengele ya kuwaita waheshimiwa ukumbini na, kabla ya kila kura, kuhesabu waliomo na kutangaza idadi kwa sauti. Wakifika thelathini, akidi imetimia, kura inapigwa. Wasipofika, Spika hana ujanja, anaahirisha kikao. Kanuni ilikuwa nyepesi hivyo, na kwa miaka kumi na tisa Mzee alikuwa akiivunja mara mbili kwa siku, tena akiwa amevaa glavu nyeupe.

Si yeye aliyeanza. Zamani mheshimiwa mmoja alishikwa na tumbo, akatoka mbio, akaacha koti kitini. Mzee alipomruka kwenye hesabu, Spika wa wakati huo alimkaripia: "Si yupo huyo? Koti lake si lile pale?" Basi, tangu siku hiyo koti likawa mtu. Waheshimiwa, ambao kuelewa bajeti kuliwachukua muhula mzima, hili walilielewa siku ileile. Kila mmoja akaleta koti la pili, la kukaa kitini, la kwanza akaondoka nalo kwenda kwenye shughuli zake. Kulikuwa na koti moja la kijivu, safu ya tatu, ambalo halikutoka ukumbini tangu siku ya kiapo. Lilipitisha bajeti nne na kuunga mkono barabara mbili ambazo hazikujengwa, na halikuwahi kumkatiza mtu akizungumza. Kusema kweli, lilikuwa miongoni mwa wabunge wenye adabu zaidi. Mzee mwenyewe alilipiga brashi kila Jumatatu.

Kwa hiyo tusimwonee huruma sana. Alijua alichokuwa akifanya. Kazi ilikuwa ya kivulini, jioni alikuwa na cha kuwachekesha watu wa nyumbani, na hoja zenyewe zilimhusu nini yeye?

Siku ya mwisho ya Bunge lile, zikamhusu.

Asubuhi binti yake alimsimamisha mlangoni huku akimfunga mjukuu vifungo vya sweta. Mjukuu huyo alikuwa na miaka saba, hasikii tangu azaliwe, na alisoma katika shule ya watoto viziwi iliyopakana na uzio wa Bunge. Kila siku babu na mjukuu walikwenda pamoja na kuachana getini.

"Baba, ni kweli leo wanaipigia kura shule?"

"Ndiyo hoja ya mwisho."

"Wakipitisha, watoto watapelekwa wapi?"

"Haijaandikwa."

"Na wasipopitisha leo?"

"Kesho Bunge linavunjwa. Hoja ambayo haijapita inakufa nalo. Bunge jipya likiitaka, lianze upya."

Binti akafunga kifungo cha mwisho. Habari za makoti alizijua zote. Alikuwa amezicheka mezani tangu akiwa msichana. Leo hakucheka, na Mzee akaona aibu ya kweli, ile inayopandisha joto masikioni.

Mjukuu akamvuta mkono, akauliza kwa vidole kama kila siku: leo utahesabu wangapi? Ni yeye aliyemfundisha babu yake kuhesabu kwa ishara, tena alikuwa mwalimu mkali, asiyesamehe kidole kilichokaa vibaya. Babu akamjibu kwamba bado hajui.

Bungeni, Katibu wa Bunge alimkuta akining'iniza kofia yake.

"Mzee, leo usitupotezee muda. Mheshimiwa Spika ana safari mchana."

"Sawa, bosi."

"Umebakiza miezi mingapi kustaafu?"

"Minane, bosi."

"Eeh. Basi twende vizuri."

Hoja ililetwa na Mwenyekiti wa Kamati ya Ustawi wa Wabunge, mtu mnene mwenye huruma nyingi kwa watu wa kima chake. Alitaka jengo la shule lifanywe ukumbi wa mapumziko wa waheshimiwa. Maskini, alikuwa na kazi ngumu ya kueleza jinsi watu wasiohudhuria walivyochoka. Akaeleza hata hivyo. Akasema kuna haja ya makochi, ya kiyoyozi, ya mahali pa kutafakari mambo ya wananchi mbali na wananchi.

"Na kuhusu watoto hao, Mheshimiwa Spika," akamalizia, "kamati yangu ilisubiri maoni yao siku kumi na nne. Hatukusikia lalamiko hata moja."

Waliokuwemo wakagonga meza. Mzee wa Kengele, amesimama mlangoni na glavu zake, alitamani kumrushia kengele.

"Piga kengele," Spika akaamuru.

Akaipiga dakika tatu, kama kanuni inavyotaka. Hakuingia mtu. Waheshimiwa wengi walikuwa majimboni kwao tangu wiki iliyopita, wakiwaomba wananchi ridhaa ya kuja tena kukaa katika viti hivi.

"Hesabu."

Mzee akapita kati ya safu, kidole mbele. Watu kumi na saba. Makoti kumi na manne. Jumla thelathini na moja, na sentensi ilikuwa tayari mdomoni, imelainika kwa kutumika miaka kumi na tisa: waheshimiwa thelathini na mmoja, akidi imetimia. Katibu alikwisha kuchovya kalamu yake kuiandika. Mzee akaikumbuka miezi minane. Halafu akakumbuka swali la mjukuu wake, na kwamba jioni atatakiwa kulijibu kwa vidole vyake mwenyewe.

"Waheshimiwa kumi na saba, Mheshimiwa Spika."

Spika akavua miwani. "Mzee, unaumwa?"

"Hapana, Mheshimiwa Spika."

"Hesabu tena. Vizuri."

Akahesabu tena, vizuri. Safari hii kila alipofika kwenye koti alisimama, akainua mkono mmoja wa koti, akachungulia ndani, akaushusha taratibu, kama muuguzi anayemshika mgonjwa. La kijivu alilitazama kwa muda mrefu zaidi. Buibui alikuwa amejenga ndani ya mkono wa kushoto na alionekana kuwa mkazi wa siku nyingi.

"Kumi na saba, Mheshimiwa Spika. Na makoti kumi na manne. Na buibui mmoja, safu ya tatu."

Juu, kwenye viti vya wageni, mwandishi wa habari aliyekuwa amesinzia akaamka na kutafuta daftari lake.

"Hayo makoti yana wenyewe!" akafoka Mwenyekiti wa Ustawi.

"Yanao, Mheshimiwa. Ila wenyewe ndio sijawaona."

Spika alimgeukia Katibu, Katibu akaigeukia kanuni, na kanuni, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, ikasomwa. Idadi ikishatangazwa mara mbili haina njia ya kurudi. Kikao kikaahirishwa, hoja ikalala pale mezani, na kesho yake Bunge likavunjwa nayo ikiwa ndani.

Barua ya Mzee ilitoka siku hiyohiyo, kasi ambayo ofisi ile haikuwahi kuionyesha kwa mwananchi yeyote. Ilimpongeza kwa "umakini wake katika kuhesabu" na kumhamishia getini, akahesabu magari, bila kivuli, kwa miezi minane iliyobaki. Glavu alitakiwa kuzirudisha.

Jioni mjukuu aliuliza: wangapi? Akamwonyesha kumi na saba. Mjukuu akamrekebisha kidole gumba, kisha akaridhika.

Sasa yuko getini. Jua linampiga, miguu inamuuma, na waheshimiwa wapya wanapita na vioo vimefungwa, wengine na koti la pili limetundikwa kiti cha nyuma. Anawahesabu, kwa kuwa ndiyo kazi. Lakini kabla yao, saa moja na nusu, lango la pili, la shule, linafunguliwa, na hapo anahesabu bila kutumwa na mtu. Mpaka jana walikuwa arobaini na watatu, na kila sweta lilikuwa na mtoto ndani yake.