Kumpima Mama Mkwe Bila Kumgusa

Mke wangu alinipigia simu asubuhi, nikiwa ndiyo kwanza nafungua mlango wa kliniki, akaniambia mama yake anakuja kupimwa, na kwamba ana sharti moja tu: nisimguse. Nikamwuliza kama anajua mimi ni tabibu. Akasema anajua. Akaongeza kwamba ikiwezekana nisimtazame sana pia, halafu akakata simu, kwa sababu kengele ya shule ilikuwa imelia na yeye ni mwalimu.

Kwetu mama mkwe haguswi hovyo. Siku hizi vijana wanapeana mikono na wakwe zao, wengine hata wanakumbatiana harusini na kupiga picha. Sawa, sina ugomvi nao. Mama mkwe wangu si wa kundi hilo. Katika miaka kumi na minne ya ndoa yetu hajawahi kulala kwangu hata usiku mmoja. Akija Kisumu hufikia kwa dada yake mtaa wa Kondele, anatuma salamu, siku ya pili ndiyo anakuja kukaa saa moja, yeye kwenye kiti cha karibu na mlango, mimi kule pembeni, tunaulizana habari za mvua. Nilikuwa namheshimu kweli. Nilikuwa pia namwogopa, wacha niseme ukweli.

Lakini jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Mwezi ule alikuwa ameanguka mara tatu, mara moja akiwa amesimama tu ananawa uso. Vidole vilikuwa vimeshindwa na vifungo vya blauzi. Miguu, alimwambia binti yake, ilihisi kama imevaa soksi hata ikiwa mitupu. Huyu ni mtu aliyebeba omena, dagaa wetu wa ziwani, kichwani kwa zaidi ya miaka thelathini, kutoka ufukweni Asembo hadi barabarani, na mimi niliposikia hayo yote niliwaza shingo. Mifupa ya shingo ikichakaa inaweza kuubana uti wa mgongo polepole, na ukibanwa vya kutosha miguu haisikii tena amri. Anayewahi kupasuliwa hubaki na nguvu alizonazo. Anayechelewa hukaa kitini mpaka siku yake ya mwisho.

Hospitali kubwa alikataa katakata. Alisema kule wanakuvua nguo kabla hawajakuuliza jina. Aliniamini mimi peke yangu, mradi nisimkaribie.

Tabibu mwenzangu wa kike, ambaye angeimaliza kazi hiyo kwa nusu saa, alikuwa Maseno kwenye semina ya siku tatu. Kesho yake mama angepanda gari kurudi Asembo, na nilijua hatatoka tena huko kwa ajili yangu. Kliniki yetu ya pale Otonglo, ambayo ni vyumba viwili na ukumbi, ilikuwa na mimi na mama wa usafi basi.

Mama wa usafi ametoka Nyeri. Alikuja Kisumu na mumewe miaka mingi iliyopita kuuza mitumba, biashara ikafa, wao wakabaki. Kijaluo anajua cha kununulia samaki tu, kwa hiyo siku ile yote tuliongea Kiswahili. Mila zetu kuhusu wakwe anaziona vituko, na huwa hafichi.

Mama mkwe akafika saa nne, kitenge kimepigwa pasi, kilemba kimesimama, mkoba mkononi, na mwavuli ingawa anga lilikuwa jeupe. Aliketi akanipa mgongo. Nikauuliza mgongo huo maswali yangu yote, ukanijibu kwa adabu kwamba hajambo.

Nikaanza na mwendo, maana mwendo hauhitaji mtu kuguswa. Unamwambia aende hadi mwisho wa ukumbi, ageuke, arudi, nawe unatazama visigino, magoti, mikono inavyopepea, na hasa anavyogeuka. Nilisimama nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo nikichungulia kama mwizi, kwenye kliniki ninayolipwa kukaa ndani yake.

Alitembea vizuri ajabu. Alitembea kama akina mama wa kanisa wanavyoingia siku ya askofu, kifua mbele, mwavuli ukigonga sakafu kila hatua. Nikamtuma mama wa usafi akauchukue ule mwavuli. Wakabishana kwa muda, lakini mwavuli ukaja. Nikaomba arudie safari yake.

Sasa akaanza kusalimia. Kwenye benchi walikuwa wameketi wagonjwa tisa, na kwetu hupiti watu waliokaa ukawaacha hivi hivi, na salamu ya mdomo bila mkono ni dharau. Akamshika wa kwanza, akauliza ya nyumbani. Akamshika wa pili kabla hajamwachilia wa kwanza. Watoto je, mahindi je, na mzee anaendeleaje. Mpaka mtu wa sita ndipo nilipoona kwamba mkono wake haukuwahi kuwa mtupu hata mara moja, na kwamba uzito wake wote ulikuwa umelala kwenye viganja vya watu. Mwisho wa benchi mzee mmoja aliyekuja kwa ajili ya jino akainuka kwa heshima, akampa mikono yote miwili, na mama akageukia papo hapo, mikononi mwa mzee, akaanza kuwasalimia upya wakati wa kurudi.

Nilichukia. Pia nilimvulia kofia, maana nimesoma miaka na sijawahi kuona mgonjwa akimzidi mtu akili kwa usafi ule.

Nikatoka nikawaomba watu wa benchini wafiche mikono yao kwa dakika moja tu. Wakakataa. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni aliniuliza nimelelewa wapi.

Haya. Ikabaki mishipa ya fahamu, na hapo hakuna njia ya mkato, lazima mtu agongwe goti. Nikafikiria sana, halafu nikafanya jambo ambalo sitaki wakubwa wangu walisikie. Nilivuta pazia katikati ya chumba, mama mkwe akapanda kitandani upande wa pili, nikampa mama wa usafi glavu na kinyundo cha mpira. Mimi nikabaki upande wangu nikiwa na kalamu na faili.

Nikamweleza: mguu uning'inie, tafuta kifupa cha goti, shuka kidogo, gonga pale palipo laini. Nikasikia pigo la kwanza, kisha mama mkwe akisema pole pole, hapo ni mfupa. Mara ya pili kikasikika kishindo na ndoo yake ya kupigia deki ikaviringika.

Nikauliza kimetokea nini. Mama wa usafi akasema mguu umeruka. Nikauliza umeruka kiasi gani, kidogo au sana. Akasema, "Daktari, mguu umenipiga tumboni."

Niliandika. Mguu wa pili nao ukaruka, ingawa safari hii mama wa usafi alikuwa amejifunza kukaa pembeni, akanitangazia kama mtu wa redio anayetangaza mpira. Nikamwambia sasa ashike wayo, ausukume juu kwa ghafla, asiuachilie. Halafu sauti yake ikabadilika. Akasema mguu unatetemeka. Nikamwuliza kama umeacha. Akasema haujaacha, na kwamba si yeye anayeutikisa.

Kwa tabibu hiyo ni habari kubwa: amri zinazoshuka kutoka kichwani zimekwama njiani, na mguu unajifanyia utakavyo. Kwa mama wa usafi ilikuwa habari ya aina nyingine. Yeye ni mtu wa maombi. Akaushika ule mguu kwa mikono miwili na kumkemea pepo aliyeingia ndani yake, ashindwe, ashindwe kabisa. Mama mkwe akaitikia amina. Kule nje benchi zima likaitikia amina, na nina hakika sauti ya mzee wa jino ilikuwa juu kuliko zote.

Nikangoja wamalize. Ningefanya nini?

Kilibaki kipimo kimoja. Unakwaruza unyayo kwa kitu butu, kutoka kisigino kwenda mbele, unatazama kidole gumba. Kwa mtu mzima kikishuka chini, Mungu asifiwe. Kikipanda juu kama cha mtoto mchanga, uti wa mgongo umeumia. Bila hicho nilikuwa na tetesi za ndoo na maombi, na barua ya namna hiyo ukiipeleka hospitali kubwa watakucheka na kukurudishia mgonjwa. Nikampitishia mama wa usafi ufunguo chini ya pazia. Akakwaruza. Mama mkwe akacheka, kicheko cha msichana, sijawahi kukisikia kabla wala baada ya hapo. Nikauliza kidole gumba kimeenda wapi. Mama wa usafi akasema vyote vimecheza. Juu au chini? Akasema kwanza juu, halafu chini, halafu alipocheka vikaenda kila mahali. Akarudia, na jibu likawa lile lile.

Hapo hasira zikanipanda, na chini ya hasira kulikuwa na woga mtupu. Niliona mke wangu akimsukuma mama yake kwenye kiti cha magurudumu kwenye mchanga wa Asembo. Nikaliambia pazia, na sauti yangu haikuwa nzuri:

"Mama, nikikosea hapa hutatembea tena. Ni mimi nitakayekuwa nimekosea, na sitaweza kumwangalia binti yako usoni."

Nikamsikia mama wa usafi akihema. Kisha pazia likatikisika pembeni, na mguu ukatoka. Mguu peke yake, mpaka juu kidogo ya kifundo, kisigino kimepasuka, umepakwa mafuta ya asubuhi. Mwenyewe alibaki upande wa pili na heshima yake yote.

Nikapiga magoti. Nikashika kifundo kwa mkono mmoja, nikakwaruza taratibu, nikiomba kishuke. Kikapanda. Nikarudia, kikapanda. Nikarudia mara ya tatu, ambayo haikuwa ya kitabibu hata kidogo, nikijidanganya tu, na kidole gumba cha mama mkwe wangu kikainuka mbele ya macho yangu polepole na kubaki hapo.

Akauliza nimeona nini. Nikamwambia yote kupitia pazia, shingo, uti wa mgongo, picha inayotakiwa, na kwamba huenda apasuliwe. Nilitaka kulia na sikuona haya. Akauliza kama wakimpasua miguu itarudi ilivyokuwa.

"Sijui, Mama," nikasema. "Tunapigania hii uliyo nayo leo."

Akauliza kama watu wa kule watamshika. Nikamwambia watamshika, kichwa mpaka vidole. Mguu wake bado ulikuwa mkononi mwangu na hakuna aliyekuwa amelitaja hilo.

"Basi andika barua," akasema. "Mkwe wangu ameshanishika unyayo. Hao wengine wana aibu gani mpya ya kunionyesha?"

Niliandika barua, nikaita tuktuk isimame getini. Kutoka mlangoni mpaka getini ni kama hatua thelathini za kokoto, na nje yake ndiyo soko, wauza nyanya, wauza mitumba, nusu yao wanatujua sote wawili na wanajua yeye ni nani kwangu. Mama wa usafi alitaka kutangulia ampe bega. Mama mkwe akamkabidhi mkoba, akamwambia asante, abaki. Kisha akanyoosha mkono upande wangu, kiganja kikiangalia juu, akangoja.

Nikaushika. Ulikuwa mzito, na uzito wote ulikuja kwangu mara moja.

Tukashuka ngazi moja ya mlangoni. Goti la kulia halikukunjika. Mguu ulizunguka kutoka kwenye nyonga, ncha ya kiatu ikakwaruza kokoto, wa kushoto ukatua kwa kishindo mbali na pale alipoukusudia, akayumba, nikamzuia, akaendelea. Wauza nyanya waliacha kupima nyanya. Mtu mmoja alivua kofia, sijui kwa nini. Mimi nilikuwa nimekaza macho getini, kwa mazoea ya miaka kumi na minne.

Akasimama katikati ya uwanja mpaka nikageuka.

"Sasa nitazame vizuri, Baba," akasema. "Hivi ndivyo natembea."