Chakula Nilichowapa Mbuzi

Katikati ya miaka ya themanini nilikuwa nesi Ibra, Omani, na rafiki yangu mkubwa alikuwa nesi wa Kikorea. Sote wawili tulikuwa wageni pale, kila mmoja kwa namna yake. Yeye alikuja kwa mkataba wa miaka mitatu. Mimi nilikuja na wazazi wangu kutoka Unguja nikiwa msichana, nikaambiwa nimerudi kwetu, ingawa sikuwahi kupaona kabla ya siku hiyo niliyorudi. Wodini tulizungumza Kiingereza cha dawa na sindano, tukachanganya na Kiarabu cha kubahatisha, na maneno yakitupungukia tulitumia mikono. Tulielewana.

Mwezi wa tisa mmoja aliniambia kwamba sikukuu yao kubwa inakaribia. Huja mwezi unapokuwa mpevu, wakati wa mavuno, na kwao watu husafiri nchi nzima kurudi makwao. Mwaka wa kwanza aliifanya peke yake chumbani, akaona vibaya sana, kwa sababu si siku ya mtu mmoja. Akaniuliza kama mwaka ule ningekubali kuwa mtu wake. Alisema hivyo hivyo, mtu wake. Nikamjibu bila ya kufikiri kwamba mimi nipo.

Tabia yangu ni kueleza. Siku ile ile nilimweleza mama, nikamweleza kaka yangu, nikawaeleza na manesi wenzangu: rafiki yangu ana Idi yao, ni kama Idi yetu tu, watu wanapika, wanavaa, wanatembeleana. Yeye mwenyewe sikumwuliza hata swali moja. Nilijiona nimeshaelewa.

Alhamisi iliyofuata kaka alitutoa kwa pikapu yake, tukatembee na kununua vitu vya sikukuu. Rafiki yangu alikuwa na orodha ndefu. Kaka alipoiona ile karatasi aliuliza, "Nyinyi munakwenda sokoni au munahama?"

Tulianza Sinaw, maana Alhamisi ndiyo siku ya soko. Nilimwonyesha namna mbuzi wanavyotembezwa ndani ya duara la wanunuzi, na namna wanawake wa Kibedui, na barakoa zao usoni, wanavyokaa chini na biashara zao na kupatana bei na mwanamume yeyote bila ya kutaka msaada. Nikamfundisha kupatana. Ukikipenda kitu, nilimwambia, usikitazame. Kitazame cha pembeni yake, ukiulizie hicho, ukatae, uondoke, kisha urudi kama mtu aliyesahau jambo. Aliyafuata yote kwa utulivu mpaka akanunua ufuta kwa bei ambayo mimi mwenyewe sikuwahi kuipata. Yule mama wa Kibedui aliyemuuzia akamshika mkono, akaniuliza kama huyu ameolewa, kwani yeye ana mtoto wa kiume na ngamia wa kutosha. Nilipomfasiria, rafiki yangu akauliza ngamia wangapi. Yule mama alicheka mpaka barakoa ikamwenda upande, akaiweka sawa.

Tulikula mishkaki pale pale kando ya soko, imekunjwa ndani ya mkate mwembamba. Rafiki yangu aliomba pilipili, akaomba tena, na mara ya tatu muuzaji aliacha moto wake akaja kusimama kumtazama. Kaka akasema yule mama wa Kibedui amepata mkwe.

Kutoka hapo tulikwenda Birkat al Mauz, chini ya Jabal al Akhdar. Juu hatukupanda, siku zile hupandi bila ya kibali, na pikapu ya kaka haikuwa gari ya njia ile. Lakini watu wa juu walikuwa wakiteremsha komamanga zao, na ilikuwa msimu wake. Niliketi ukingoni mwa falaj, mfereji wa maji ya mashamba, miguu imo majini, nikimweleza maji yale yanavyogawanywa kwa zamu kila shamba lipate haki yake. Rafiki yangu alikuwa akichagua komamanga. Alizigeuza moja moja, akaacha yenye kovu, akaacha iliyobonyea. Muuzaji akaanza kukereka. Nikamwambia yule muuzaji amvumilie, ana wageni wa heshima.

Rafiki yangu aliposikia neno wageni, aliitikia kwa kichwa. "Ndiyo," akasema. "Wageni."

Akaulizia pia majani. Wana vikate vidogo vya mchele vya sikukuu, kama vibibi vyetu, alinieleza, hupikwa kwa mvuke juu ya majani ya mti wa milimani, yakavipa harufu. Mzee mmoja alikuwa amefungia mizigo yake matawi ya mti unaoota juu kabisa huko Jabal. Alivunja kitawi akampa. Rafiki yangu alikisugua kiganjani, akakinusa, akafumba macho, akasema si mti wenyewe lakini lazima ni binamu yake. Mzee alimpa bunda zima na hakutaka kitu.

Nizwa tulifika baada ya alasiri, maduka yakifunguliwa. Tukazunguka ngome, tukapanda mnara, tukaona mitende isiyo na mwisho, kisha tukateremka kwenye halwa. Muuzaji alitupa ya moto, kila mmoja kwa kidole chake, nami nikaeleza wanga, samli, zafarani, marashi, na mikono ya yule anayekoroga sufuria bila ya kupumzika. Rafiki yangu alinunua bakuli mbili. Moja ya mama yangu, moja ya wageni wake. Njia nzima ya kurudi Ibra alilala begani kwangu, na mimi nikajiona mtu mwema.

Mama ndiye aliyemtwangia mchele. Nilipomfasiria kinachotakiwa, aliuroweka usiku kucha, akautwanga, akauchekecha kwa chekeche yake ya vitumbua, akasema, "Kumbe mambo ni yale yale." Wakakaa jikoni wawili wao, hawana lugha ya pamoja, wakifinyanga vibibi vidogo kama mwezi nusu na kujaza ufuta na sukari. Mimi niliyezoea kufasiri sikuhitajika.

Asubuhi ya sikukuu nilivaa nguo yangu ya Idi, nikenda chumbani kwake katika nyumba za manesi. Alikuwa amevaa nguo ya kwao, pana, rangi ya waridi, na amefuta sakafu mpaka inang'aa. Meza fupi ilikuwa imepangwa: wali, samaki, vile vibibi, halwa ya Nizwa, na komamanga zimekatwa vichwa kidogo juu. Nyuma ya chakula palisimama picha ya mwanamke mzee na mwanamume mzee. Mbele yake ubani unafuka.

Nilisimama mlangoni nikatafuta wageni.

Akaniketisha kwenye mkeka, nikavua miwani yangu nikaiweka pembeni. Kisha akasimama mbele ya ile picha, akaunganisha mikono, akapiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa mikono yake sakafuni. Akainuka, akafanya tena. Alikuwa akisema maneno taratibu, kama mtu anayetoa habari za nyumbani, na katikati yake nikasikia jina langu. Alikuwa akiwajulisha wazazi wake kwamba mwaka huu hayuko peke yake.

Nataka kueleza hapa bila ya kujificha. Chakula kilichowekewa wafu na kusujudiwa mbele yake, mimi sikili. Sikukila siku ile na hata leo nisingekila. Hilo silionei haya. Ningeweza kumwambia: rafiki yangu, hiki dini yangu hainiruhusu, lakini nitakaa hapa na wewe mpaka umalize. Maneno hayo si mengi, na mimi sijawahi kuwa mtu wa kukosa maneno.

Badala yake nilitabasamu. Alipomaliza na kuanza kugawa chakula, maana kwao baada ya wazee ndipo watu hula, nikasema nimeitwa wodini, nimeona vibaya kweli, nitakula baadaye. Hakuna aliyeniita. Uso ulimsawijika kidogo, lakini mara akachukua sahani, akanijazia vibibi, kipande cha samaki na komamanga, akaifunga kwa kitambaa cha hariri fundo zuri, akanipa kwa mikono miwili. Nikaipokea. Nikanusa, nikasifu harufu, nikamwambia mama atafurahi.

Nyuma ya nyumba za manesi pana njia inayofuata falaj, na mbuzi wa jirani walikuwa hapo kila siku. Sikutaka kukiingiza chakula kile kwetu. Nikafungua fundo, nikamwaga. Mbuzi walikuja mbio. Nilikuwa bado nimeinama, nikiipangusa sahani kwa mchanga, nilipoona pindo la rangi ya waridi.

Alikuwa ameshika miwani yangu. Niliisahau kwenye mkeka.

Alitazama mbuzi kwanza, kisha mimi.

"Ni cha mama yangu," akasema.

"Najua," nikasema, na nikaanza kueleza. Nilieleza halali na haramu, nikaeleza sijda ni ya nani, nikaeleza kwamba mbuzi pia ni viumbe na chakula hakikupotea. Nilieleza kwa upole, hatua kwa hatua, kama ninavyomweleza mgonjwa. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho, kama anavyosikiliza ripoti ya zamu. Mbuzi mmoja alikuwa akitafuna ganda la komamanga baina yetu.

Nilipomaliza akasema, "Ungekiacha. Ningekila mimi."

Akaokota kitambaa chake, akakikung'uta, akakikunja. Akachukua sahani. Akanipa miwani, akarudi.

Nilikuwa naijua ile aibu kutoka upande wa pili, na hilo ndilo linalonichoma zaidi. Baba alipofariki, mama alimfanyia hitma kama tulivyozoea Unguja. Akasomewa, na pilau ikapikwa kwa sadaka yake. Shangazi yangu, ambaye hakuwahi kuondoka Ibra maisha yake, alikuja akakaa na sisi. Sahani ilipomfikia aliweka mikono yake gotini, akasema haya ni mambo ya Sawahili, watu wa Unguja kama nyinyi, sisi hapa hatunayo. Mama aliichukua ile sahani akaenda kuiosha, na aliiosha muda mrefu kuliko sahani inavyohitaji. Nilimchukia shangazi kwa miaka. Lakini shangazi alimwambia mama usoni, na alibaki ameketi.

Nyumbani mama alikuwa akinisubiri. Alitaka habari za vibibi.

"Haya, vimekuwaje?"

"Vizuri."

"Ufuta haukuzidi? Mie nilimwambia umezidi, naye hasikii."

"Haukuzidi."

"Na yale majani, yametoa ladha?"

Nikasema yametoa. Akataka kujua ladha gani, kama hiliki, au kama mchaichai, au vipi. Mimi ninayeeleza kila kitu, vibibi vile sikuvionja hata kimoja. Nikamwambia ni ladha yao wenyewe, huwezi kuifananisha. Mama akaridhika. Akasema, "Basi na yeye aje Ijumaa. Mtu akulishe, nawe usimlishe? Watu gani hao?"

Nilijua hatokuja. Nilimfikishia mwaliko wodini, huku nikikunja mashuka ili nisimtazame, nikaongeza kwamba kama amechoka mama ataelewa. Akasema atakuja.

Ijumaa alikuja, nguo ya kawaida, nywele amezifunga. Akamsalimia mama kwa kuinama, mama akamvuta akambusu. Mama alikuwa amepika wali wa nazi na papa mkavu wa Sur, na papa mkavu, kama ujuavyo, si kila mgeni anayestahimili hata harufu yake. Tukakaa chini sote watatu. Mama akaniamuru nifasiri, akasema, "Mwambie kwamba mwanangu amekisifu chakula chake mpaka amenitia uchu."

Nikafasiri. Sikuwa na njia. Nilifasiri neno kwa neno, na sauti yangu ilisikika kama ya mtu mwengine.

Rafiki yangu alinitazama. Alikuwa na nafasi yake pale, na haki yake. Angeweza kusema neno moja tu, hata kwa Kiarabu chake kile, na mama angelielewa. Angeweza kuisogeza sahani. Niliomba aisogeze. Niliomba kwa moyo wangu wote akatae chakula chetu, tuwe sawa, aibu igawanywe baina yetu na kila mmoja achukue sehemu yake.

"Nashukuru, mama," akasema kwa Kiswahili, maneno aliyofundishwa na mama mwenyewe jikoni.

Akala. Alikula wali, akala papa, akatafuna taratibu na kumeza, akachukua tonge jengine. Nilikuwa naufuata mkono wake kila ulipokwenda na kila uliporudi. Hakunitazama tena. Sahani ilipokwisha, mama akamwongeza, naye akapokea kwa mikono miwili.