Ng'ombe wa Nyimbo za Ijumaa

Hapa Kiuyu anayeujua muziki wa jungle ni Hafiz, na ng'ombe. Ni muziki wa huko Uingereza, ngoma zake hukimbia kama mwizi wa kuku, na besi yake hutetemesha vikombe kabatini. Mimi ni jirani, nausikia nikitaka nisitake. Kila Ijumaa hutoka nyimbo mpya. Hafiz huswali kwanza, kisha hupanda mwinuko wa nyuma ya msikiti kutafuta mtandao, azishushe kwenye simu. Akirudi humkatia majani ng'ombe wa ami yake huku spika ikipiga. Mwaka mzima ng'ombe amekula hivyo, na kanenepa.

Ami mwenyewe, Mzee Mjaka, alimfuga kwa mchezo wa ng'ombe wa baada ya msimu wa karafuu, ambapo vijana humchokoza dume kwa kanga na zumari mpaka awakimbize. Na alishasema waziwazi: dume asiyekasirika uwanjani huenda kwa mchinjaji. Hafiz alikuwa akimpenda mnyama yule kuliko watu wengi, mimi nikiwamo.

Siku ya mchezo, Hamdan mpiga zumari akaamka na homa. Sasa nani atampandisha ng'ombe hasira? Hafiz, ambaye kimbelembele chake hakina dawa, akajitokeza.

“N'achia mie, ami. Jana kumetoka mpya, ngoma zake zatia wazimu.”

Akawasha spika. Ng'ombe akasikia, akatulia, akamwendea Hafiz na kumnusa mikono akitafuta majani. Vijana wakampungia kanga nyekundu, hata hakuwatazama. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nami nilicheka, mpaka nilipouona uso wa Hafiz, nikaona haya. Mzee Mjaka alikuwa akimtafuta mchinjaji kwa macho, naye alikuwapo, kasimama mbele kabisa.

Hafiz akashindwa kuvumilia, akauzima muziki.

Ng'ombe akainua kichwa. Akangoja. Majani hakuna, na ngoma zimemkatikia katikati. Akapiga kwato, akakoroma, kamba ikawaponyoka walioishika, na wanaume wazima wakaparamia mikarafuu, mchinjaji akiwa wa kwanza. Mchezo ule bado unasimuliwa mpaka Shumba.

Jioni mimi, Hafiz na ami yake tukaenda kumjulia hali Hamdan, tukamsimulia. Alicheka hadi homa ikamtoka kwa jasho. “Miaka yote mie napuliza hata mashavu yauma, kumbe ng'ombe mwenyewe ataka kunyamaziwa.”

Mzee Mjaka, ambaye hajapata kuuliza habari ya wimbo maishani mwake, akamgeukia Hafiz.

“Ijumaa hino zatoka saa ngapi hizo nyimbo zako? Ng'ombe asije akakosa.”

Hafiz alijibu huku machozi yakimlenga. Mimi nilirudi nyumbani nikavitoa vikombe vyangu kabatini.